Kwa Nini Ndoo Inapasukia Kushoto

"Hivi wewe, Zafirka, hiyo ndoo inakuambia nini hata uikodolee macho tangu asubuhi?"

Stoilka, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alimuuliza hivyo siku ya kwanza ya Siku za Moto, akiwa ameegemea lango na bakuli la mtindi mkononi. Ndoo yenyewe haikuwa ya kuchotea maji. Ilikuwa ndoo ya ekskaveta, ile inayochimba, yenye meno matano mdomoni na masikio mawili mgongoni ya kupitishia pini. Watu wawili wangeweza kukaa ndani yake wakacheza karata. Ilikuwa imelala kifudifudi katikati ya uwanja, imejaa matope makavu, na Zafirka alikuwa amekaa mbele yake juu ya kigoda, kama mtu anayemngoja mgonjwa aamke.

"Haijaniambia kitu," akajibu. "Ndiyo maana bado nimekaa."

"Mimi mume wangu sikumtazama hivyo hata siku ya harusi."

"Ungemtazama, ungeliona lile kengeza mapema."

Stoilka akacheka mpaka mtindi ukamwagikia viatu. Halafu akavuta kigoda cha pili, akakaa. Jambo lenyewe alikuwa analijua, maana kijiji kizima cha Slivov Rid kilikuwa kinalijua.

Ndoo ilikuwa ya Velin, mtoto wa marehemu Rangel, anayechimba mawe bapa kule juu ya mlima, yale ya kuezekea nyumba na kutandika njia. Ilikuwa imepasuka sikio la kushoto. Ilipasuka mwaka juzi, Zafirka akaichomelea. Ikapasuka tena mwaka jana, akaichomelea. Sasa ni mara ya tatu. Muuzaji mmoja wa mjini alikuwa na ndoo nyingine, imetumika lakini nzima, na alisema atamwekea Velin mpaka jioni ya Mtakatifu Marina, basi. Ili kuinunua, Velin angelazimika kumuuzia binamu yake malisho aliyoachiwa na mama yake, yale ya kando ya kijito ambako ng'ombe wake wawili wanakula na ambako anakata nyasi kavu za majira ya baridi. Malisho yakienda, ng'ombe nao wanaenda. Hayo ndiyo yaliyokuwa yamelala uwanjani kwa Zafirka, wala si chuma peke yake.

"Ichomelee tu, shangazi," Velin alikuwa amemwambia alipoishusha kutoka kwenye trela. "Leo hii hii. Wewe unajua."

"Leo ni Siku za Moto, mwanangu."

"Cheche kidogo tu. Mungu hataiona."

"Mungu ataiona," akasema Zafirka, "na Stoilka ataiona kabla yake."

Siku hizo tatu za katikati ya Julai hakuna anayewasha moto kule. Jiko halikokwi, mkate unaokwa kabla, watu wanakula baridi: jibini, nyanya, mtindi, viazi vilivyopikwa tangu juzi. Wazee wanasema anayewasha moto siku hizo, moto mwingine unamshukia kutoka juu, unachoma ngano na mazizi. Siku ya tatu ni ya Mtakatifu Marina, na jioni yake moto mpya unawashwa. Zafirka hakuwahi kuvunja mwiko huo hata enzi za mgodi, wakubwa walipokuwa wanacheka watu wa kanisani. Siku hizo alikuwa anaomba kazi ya kufagia.

Kwenye karakana ya mgodi ndiko alikojifunzia. Aliingia na miaka kumi na nane kuosha sakafu. Fundi wa kuchomelea pale alikuwa mzee mkali aitwaye Lazar, ambaye siku moja alimkuta yule msichana wa ufagio amechuchumaa mbele ya jino la mashine lililovunjika, analigeuza na kuligeuza. "Unatafuta nini?" akamuuliza. "Lilipoanzia," akasema. Lazar akamvika barakoa yake siku hiyo hiyo. Mgodi ukaja kufungwa, wanaume wakatawanyika nchi za watu, Zafirka akarudi kijijini na mashine yake ya kuchomelea. Tangu hapo amechomelea mageti, majembe ya trekta, mitungi ya shaba ya kutengenezea pombe ya plamu, hata msalaba wa mnara wa kanisa, ambao alipanda mwenyewe kuufunga huku kasisi akiwa chini amefumba macho kwa hofu. Kabla ya kushusha barakoa hufanya ishara ya msalaba. Na hashiki chuma ambacho hakijaoshwa.

Basi akaiosha. Kwa sabuni na brashi, ndani na nje, meno na masikio, saa mbili nzima. Wanaume wawili waliokuwa wanapita kwenda dukani wakasimama langoni.

"Mpake na mafuta, asije akapata vipele!" mmoja akapiga kelele.

"Kwako nitafika," akasema Zafirka bila kugeuka. "Wewe ndiye una miezi hujaoshwa."

Wakaenda zao wakicheka, lakini yule wa pili akasema, kwa sauti ya kusikika, kwamba chuma si soksi, kushona si kazi ya kila mtu. Neno hilo lilimwingia. Hata yeye mwenyewe, usiku uliopita, aliposikia imepasuka tena, alikuwa amejiuliza kama kosa si la mkono wake. Miaka hamsini na nane si michache. Labda mkono ulitetemeka. Labda jicho.

Ndoo ilipokauka alichukua kitambaa chenye mafuta ya taa, akapaka sikio la kushoto na mgongo wote wa ndoo, akaacha yanywe. Kisha akafuta mpaka pakawa pakavu kabisa, akasaga chaki ya shule, akaipaka juu yake kama anapaka unga. Pakawa peupe.

"Ndiyo nini hii?" akauliza Stoilka.

"Ngoja."

Wakangoja. Taratibu, kwenye ule weupe, mistari myeusi ikaanza kutokeza yenyewe. Mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani ya nyufa yalikuwa yanatoka na kuloanisha chaki. Stoilka akajiwekea mkono mdomoni. Ufa ambao kwa macho ulikuwa na urefu wa kidole ulikuwa na urefu wa kiganja na nusu. Ulianzia chini ya sikio, ukapinda, ukashuka mgongoni.

Zafirka akapiga magoti. Akaufuata ule mstari kwa ncha ya ukucha, polepole, mpaka mwisho, akarudi tena mwanzo. Kisha akakaa chini, pwaa, juu ya nyasi.

"Haukupita kwenye mshono wangu," akasema. "Tazama. Umepita pembeni. Mshono wa mwaka juzi mzima, wa mwaka jana mzima. Chuma kimepasuka kando yake."

"Utukufu kwa Mungu. Basi si kosa lako."

"Si kosa langu," akasema Zafirka, na badala ya kufurahi akakunja uso. "Ila sasa ni la nani?"

Akachukua nyundo ndogo. Akagonga upande wa kulia, ndoo ikalia vizuri, sauti ndefu. Akagonga kushoto, ikatoa sauti fupi, nzito, kama mlango wa mbao. Akapima unene wa chuma. Mgongo ulikuwa bado mnene, zaidi ya nusu ya upya wake, na kwa Zafirka hicho ndicho kipimo: chini ya nusu hagusi, anasema peleka kwenye chuma chakavu. Lakini kona ya chini ya kushoto ilikuwa imeliwa. Jino la kushoto lilikuwa limebaki kisiki. La kulia, lililofungwa siku moja nalo, lilikuwa karibu jipya.

"Kama viatu vya marehemu baba," akasema Stoilka. "Unakumbuka alivyokuwa anachechemea? Kisigino kimoja kinaisha, kingine kimekaa tu."

Zafirka akaitazama tena ile kona iliyoliwa.

"Stoilka, Mungu akubariki. Ndoo inachechemea."

"Ndoo haina miguu, mwenzangu."

"Ina anayeiendesha."

Kesho yake asubuhi walipanda machimboni wote wawili, Stoilka akiwa amejialika mwenyewe. Walimkuta Velin pale, ekskaveta imesimama mkono mtupu hewani, na vibarua wake wawili wanapanga mawe chini ya ukingo. Zafirka kwanza akakagua ncha ya mkono wa mashine: pini zimekaza, matundu hayajalegea. Basi ubaya haukutoka hapo. Akafuta mikono.

"Panda juu, uchimbe."

"Na nini, shangazi? Ndoo iko kwako!"

"Chimba hewa. Fanya kama siku zote, usinifichie kitu. Ninyi wawili hapo chini, ondokeni."

Velin akamtazama Stoilka, Stoilka akapandisha mabega. Akapanda, akawasha. Mkono ukashuka, ukajikunja, ukainuka. Vizuri. Ukashuka tena, ukajikunja. Vizuri. Mara ya tano mkono ulishuka ukasimama, na mashine yote ikageuka kiunoni kwa nguvu kuelekea kulia, kama mtu anayesukuma mlango kwa bega.

"Hapo!" Zafirka akapiga kelele, mkono juu. "Zima! Hapo ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nabandua jiwe."

"Kwa kona?"

"Kwa kona ya kushoto. Si unajua mawe yetu, shangazi, yamelala yameinamia kulia. Unachomeka kushoto, unasukuma. Ndivyo yanavyotoka. Marehemu baba alifanya hivyo, na babu."

"Baba yako alibandua kwa chombo gani?"

Velin akashuka kwenye mashine.

"Kwa mtaimbo," akasema.

"Na mtaimbo ulipopinda alifanya nini?"

"Aliupeleka kwa mhunzi, akaunyoosha."

Pale Slivov Rid kila mchimbaji anabandua jiwe kutoka kushoto, na amejifunza hivyo kabla hajajua kusoma. Velin aliponunua mashine alipanda na mazoea yale yale. Hakuna aliyemwambia kwamba ndoo imetengenezwa kuvuta mbele yake, si kusukuma kwa ubavu, na kwamba nguvu zote za mashine inapogeuka zinamalizikia kwenye sikio moja.

"Kwa hiyo ile ya mjini nayo..." Velin akaanza.

"Hata ungeletewa ya dhahabu. Mwaka mmoja, na sikio la kushoto chini."

Velin akavua kofia, akakaa kwenye mnyororo wa mashine, ule inaotembelea. Akasema kwa sauti ndogo kwamba binamu yake ameshaandika karatasi za malisho, imebaki sahihi tu.

Siku ya Mtakatifu Marina walitoka kanisani wakaenda moja kwa moja kwenye ndoo. Zafirka alikuwa hajasema neno la mwisho, na Velin hakuthubutu kumharakisha. Simu ikalia mfukoni mwake, ikanyamaza, ikalia tena. Ni muuzaji.

Zafirka akapaka mafuta na chaki mara ya pili, safari hii mahali pamoja tu, pale mgongo wa ndoo unapopinda kwenda chini. Wakangoja. Weupe ukabaki weupe. Ufa ulikuwa umekoma vidole viwili kabla ya kufika pale.

"Ungevuka hapa," akasema, "ningekuambia weka sahihi, uuze, ununue. Nisingeigusa, hata ungepiga magoti. Haujavuka. Nitalikata sikio lote la kushoto nilitupe, si kulibandika tena. Nina bamba nene la mgodini, nitakata sikio jipya. Mwisho wa ufa nitatoboa tundu, usiendelee kutembea, halafu nizibe. Na kona nitaweka mpya."

"Itashika?"

"Itashika kwa kazi yake."

"Shangazi, wewe ungesimama chini yake?"

"Mimi sisimami chini ya ndoo yoyote, hata mpya. Na wale vibarua wako nao wasisimame. Pokea simu, mtu anangoja."

Velin akapokea. Akamwambia muuzaji kwamba anashukuru sana, lakini amwuzie mwingine. Alipomaliza alikuwa na jasho usoni kana kwamba amebeba ile ndoo mgongoni.

Jioni hiyo wanawake waliwasha moto mpya mbele ya kanisa, na kila mmoja akabeba kaa lake nyumbani. Asubuhi Zafirka alitumia lake kukoka kuni chini ya ndoo, chuma kipate joto kwanza. Akafanya msalaba, akashusha barakoa. Siku mbili alichomelea, kidogo kidogo, akigonga kila mshono kabla ya kuuwekea mwingine juu. Alipomaliza akaifunika yote kwa majivu ya moto ipoe polepole, na hakumruhusu mtu kuifunua mpaka kesho yake, hata Stoilka, ambaye alijaribu mara mbili.

Ilipoondolewa majivu alipaka chaki. Ikabaki nyeupe. Akagonga kushoto, akagonga kulia. Stoilka, aliyekuwa ameinama kusikiliza karibu kabisa na chuma, akasema pande zote zinalia sawa, na kwa mara ya kwanza Zafirka akacheka.

Walipoifunga machimboni, pini zikaingia bila kupigwa sana. Velin akapanda, akakaa, mkono kwenye ufunguo. Chini bondeni ng'ombe wake wawili walionekana kando ya kijito, wadogo kama maharage. Zafirka akakanyaga mnyororo, akapanda mpaka kwenye mlango wa mashine, akaushika usifungwe.

"Velin, mwanangu, nakuomba kitu kimoja," akasema. "Jiwe likikataa kutoka, zima mashine, shuka, ulibandue kwa mtaimbo, kama baba yako."