Bata Aliyehamia Bandani kwa Kuku

Mwaka huu nimetoa kitabu cha watoto, cha picha na beti za kuchekesha, kuhusu bata anayehamia kwenye banda la kuku na kuhangaika akubalike. Nilisomea fasihi chuo kikuu, kwa hiyo nilijua lazima kiwe na funzo. Funzo nililiweka ukurasa wa mwisho. Kurasa nyingine zote nilimcheka bata.

Bata mwenyewe nilimpata nyuma ya ukuta. Ninaishi kwenye ploti ya nyumba za kupanga hapa Kawangware, karibu na steji ya matatu iitwayo 56, na nyumba inayopakana na yangu ilikuwa imepata wapangaji wapya kutoka Kambi Muru, Kibera: mama anayekaanga samaki pale steji, na binti yake mdogo. Mtoto ana sauti nzito, ya kukwaruza, kama mzee aliyeamka na mafua. Siku ya kwanza kumsikia akiita, "Mama, maji imeisha!" nilicheka peke yangu, nikachukua kalamu:

Bata alipoimba, kuku wakazimia,
jogoo kwa kiwewe, paani kahamia.

Sijawahi kuandika ubeti mzuri kuliko huo.

Kitabu kilipotoka niliwasomea watoto wa kijiji cha Raila, kule kule Kibera, kwenye ukumbi wa kanisa. Walicheka mpaka wakalala sakafuni. Nilirudi nikijiona mtu wa maana, nikagawa nakala kwa watoto wa ploti. Haukupita muda nikawasikia uani wakiruka kamba kwa ubeti wangu.

"Wee Bata, si uimbe! Jogoo ashapanga vitu, anahama!"

"Aki mwacheni, ataua kuku za landilodi!"

Wote wakajitupa chini, eti wamezimia. Binti wa jirani yangu alisimama na ndoo yake, mdomo umefungwa. Mimi nilikuwa dirishani. Ningeweza kutoka. Badala yake nilijiambia watoto ni watoto, na kisha, nasema kwa aibu, nikaona jinsi mizani ilivyokaa vizuri kwenye kamba.

Tangu siku hiyo sikusikia tena sauti yake.

Jumapili moja mama yake alibisha hodi, amemshika mtoto mkono, na samaki wa moto amewafunga kwenye gazeti.

"Mwalimu," alisema (sijawahi kufundisha mtu yeyote), "huyu amekataa kuongea. Hata shule anatikisa tu kichwa. Nimesikia uko na kitabu watoto wanapenda sana. Hebu msomee, labda atachangamka."

Nilipokea samaki. Nikaanza kusoma. Nilipofika kwa kuku wanaozimia nikafunua kurasa mbili kwa pamoja. Mtoto aliurudisha ule niliouruka, akaweka kidole juu ya bata.

"Huyu ni mimi?" alinong'ona.

Majibu nilikuwa nayo mengi. Bata ni ishara. Bata ni sisi sote. Nikihojiwa redioni ningeyatoa bila kupepesa macho. Mama yake alikuwa anatabasamu, akingoja niseme hapana.

"Ni wewe," nikasema. "Nilikusikia ukiita, nikakucheka, nikaandika."

Tabasamu la mama lilikatika. "Kumbe ni wewe ulimnyamazisha," akasema polepole. "Na mimi nakuletea samaki." Akamvuta mtoto. "Twende."

"Mama, ngoja." Sauti ilikuwa ile ile ya kwanza, nzito, si mnong'ono tena. "Hajamaliza. Nataka kujua walimfanyia nini."

Nikasoma ukurasa wa mwisho:

Kuku wakampenda, wakafurahi sana,
wakaishi pamoja usiku na mchana.

Ubeti wa mtu anayetaka kwenda kulala. Mtoto alifunua jalada la nyuma, kama vile kuna kingine kinakuja.

"Ni hiyo tu? Hawakumwambia pole?"

Kitabu kizima, na neno hilo halikuwa limenijia hata mara moja. Nikamwambia pole, pale pale, mbele ya mama yake. Mtoto alikuwa bado anamtazama bata.

Mama alimtanguliza nje, kisha akageuka.

"Mtoto wangu usimwandike tena," akasema. "Hata kwa uzuri."

Nilimwahidi. Ahadi hiyo, kama unavyoona, nayo nimeivunja.