Mfuko Mmoja, Wodi Mbili

Pale hospitalini walimwita Mama Kufuli, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Ndiye aliyetunza mfumo wa kompyuta wa akiba ya damu, na aliufunga barabara: mfuko mmoja, ombi moja, na la pili likataliwe papo hapo.

Wauguzi wakachoka. Mtu akibonyeza mara mbili kwa haraka, maandishi mekundu yanamfokea. "Mama Kufuli, kompyuta yako ina mdomo!" Naye binadamu, akachoka kusemwa. Wiki iliyopita akaiondoa kanuni ile. Mfumo utaangalia kwanza kama mfuko uko huru, alijiambia, yatosha. Haikutosha hata kidogo.

Leo asubuhi jokofu lilibaki na mfuko mmoja wa kundi adimu. Chumba cha upasuaji kikauliza: uko huru? Uko. Kabla ombi hilo halijaandikwa, wodi ya wazazi nayo ikauliza: uko huru? Uko. Yakaandikwa yote mawili, na kila upande ukaambiwa mfuko ni wake.

Mtunza jokofu la damu alisimama mlangoni pa Mama Kufuli, mfuko mkononi. "Niupeleke wapi? Nani katangulia?"

Mama Kufuli alifungua orodha ya maombi. Wodi ya wazazi alilazwa wifi yake, aliyejifungua alfajiri na damu bado inamtoka. Akifuta ombi la upasuaji tu, nani atajua? Lakini hilo ndilo lililotangulia, kwa kufumba na kufumbua.

"Upasuaji," alisema. "Kimbia."

Kisha akapiga simu wodini.

"Mfuko si wetu?" muuguzi alimaka. "Tungejua mapema tungeshaagiza hospitali jirani! Tumeambiwa tunao, tukatulia!"

"Agizeni sasa hivi, dada yangu, nakuomba."

Hajakaa sawa, simu yake ya mkononi ikalia. Kaka yake, mume wa yule wifi. Sauti ilikuwa nyepesi kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

"Dada, shusha pumzi. Wamesema damu ipo njiani."

Alitamani simu ikatike. Haikukatika.

"Haipo, kaka. Ndiyo kwanza wanaitafuta kwingine."

"Haipo vipi? Kompyuta yenyewe imesema ipo."

"Najua. Mimi ndiye niliyeiacha iseme hivyo."