Uyoga Usiotajwa Jina

Kijijini kwetu, ukitaka kumkosea mtu adabu, muulize alikookota uyoga. Kapitolina Savelyevna, mjane wa nyumba ya mwisho, alijibu "msituni" tu, kisha akakifunika kikapu kwa majani. Aliokota uyoga mwekundu ambao jina lake maana yake ni chini-ya-osina, kwa kuwa huota penye mizizi hai ya mti huo, ule unaotikisa majani hata upepo usipovuma. Kwa hiyo hata jina hakulitaja. Aliuita "kofia nyekundu", na mgeni aliyelitamka jina mezani kwake hakuongezwa supu.

Mahali penyewe palikuwa ng'ambo ya kinamasi: misonobari mitupu juu ya ukoga mkavu wa ardhini, na katikati yake kundi la osina, ambako udongo ulikuwa laini na nyasi na maua yalijazana. Huko ndiko alikopata kitoweo cha majira yote ya baridi. Ili asifuatwe alizungukia makaburini, bibi wa watu, mpaka viatu vikaisha soli.

Mwaka juzi mkuu wa misitu akaitisha mkutano. Akasema osina ni magugu yaliyonenepa, yanainyima misonobari jua, na yatakatwa yote. Akauliza kama kuna anayenufaika nayo.

Nilimwona Kapitolina akinyanyuka nusu, neno limemjaa mdomoni. Kulisema ni kuwaonyesha majirani njia. Akaketi. Cha ajabu, Yefim, mtu wa posta, naye alinyanyuka nusu akaketi. Viti vilikwaruza sakafu ukumbi mzima, na mkuu akatangaza kwamba hakuna pingamizi.

Vuli iliyofuata maumivu ya magoti yalimzidi Kapitolina, akaniomba nimsindikize. Kwanza aliniapisha mbele ya picha takatifu, ingawa alijua uyoga hunichafua tumbo. Tulikuta visiki. Juu ya visiki walikaa Yefim na nusu ya kijiji, kila mmoja na kikapu kitupu.

"Unatafuta nini huku, Kapa?" Yefim akauliza.

"Mbuzi wangu kapotea. Na wewe, Yefim Lukich?"

"Mbuzi vilevile."

Kijijini kwetu hakuna mbuzi hata mmoja. Kapitolina akavitazama vile visiki, akashindwa kujizuia, akalia mbele ya watu wote. Nilimhurumia sana. Wenzake nao wakamzunguka, macho yamewalowa, wakampa pole ya mbuzi.