Damari na Kitabu cha Pili

Wifi yangu Damari alijifunza kusoma akiwa na miaka arobaini na moja, na mimi ndiye niliyemfundisha. Serikali ilipotuhamishia kijiji kipya karibu na Kinampanda, nilipewa darasa la kisomo cha watu wazima, kwa kuwa kati ya wanawake mimi peke yangu nilikuwa nimemaliza darasa la nane misheni. Marehemu mume wangu, kaka yake Damari, alikuwa mwinjilisti. Nyumba yetu haikuwahi kuitwa mbele ya baraza lolote.

Vitabu vya kisomo vilikuwa vya pamba, vya choo, vya uji wa mtoto. Lakini sanduku la maktaba liliwahi kuleta kitabu cha namna nyingine: binti wa malkia katika nchi iliyo juu ya mawingu, na mchunga farasi wenye mabawa aliyempenda. Kiliishia mchungaji yule akiwa kifungoni. Damari alikisoma mara tatu. Aliingojea sehemu ya pili miaka miwili, na kila gari la elimu lilipofika aliacha jembe akaenda kuuliza.

Ilikuja mwaka sabini na sita. Akawa anawasomea wanawake wenzake kwenye shamba la kijiji, saa ya kupumzika. Alimpa malkia sauti nzito, na waziri mnafiki akampa sauti ya puani, wanawake wakacheka hadi machozi. Mimi nilikuwa nimemwonya kwamba mtu wa nyumba yetu hakai juu ya tuta kusoma mambo ya mapenzi. Hata hivyo nilikuwa nachelewa kushika jembe ili nisikie.

Wanawake wale hawakuwahi kusomewa jambo lisilo la kweli. Kitabu cha pamba kiliwaambia wapande mwezi fulani, walipanda, ikaota. Basi Bibi Raheli akauliza nchi ile iko upande gani wa Tabora. Mwingine akataka kujua nani anampelekea mchungaji chakula kifungoni.

"Bibi, hii ni hadithi tu," Damari akamwambia.

"Hadithi husimuliwa," Raheli akajibu. "Hii imeandikwa."

Wiki iliyofuata wakafika mahali kitabuni ambapo watu wa milimani, waliokuwa wamehamishiwa chini ya ikulu, wanaasi na kurudi kwao. Siku ya tatu yake, Raheli na kaya nyingine mbili walikutwa kwenye mahame yao, makao waliyohamishwa, ng'ambo ya mlima, wakiezeka upya tembe zao kwa udongo. Mgambo waliwarudisha. Walipoulizwa nani amewaruhusu, Raheli alijibu bila hila kwamba imeandikwa, na Damari amewasomea.

Mwenyekiti wa kijiji, Nathanaeli, alikuja kwangu mchana, akavua kofia. "Shikamoo, mama." Alieleza kwamba jambo hili likifika wilayani litaitwa uchochezi, na Damari atachukuliwa. Labda, akasema, kuna maelezo mengine ambayo kamati ingeweza kuyaandika.

Nilifikiri. Sitasema uongo hapa: nililifikiria kwanza jina la mume wangu kwenye faili la polisi, ndipo nikamfikiria Damari.

Kwenye kamati nilisimama nikasema, "Damari hajui kusoma. Hushika kitabu tu akatunga maneno. Cheti chake cha kisomo nilimpa kwa huruma."

Watu wakacheka. Mjumbe mmoja akasema kumbe walikuwa wanamwogopa mwendawazimu wa mawinguni. Nathanaeli akafungua kitabu, akampa Damari. "Soma, mama."

Damari aliutazama ukurasa. Niliona midomo yake ikianza neno la kwanza. Kisha akainua macho kwangu, nami nikatikisa kichwa kidogo.

"Sijui," akasema.

Aliachiliwa. Tembe ya Raheli ilibomolewa mara ya pili. Kitabu kilichukuliwa, zikiwa zimebaki sura nne. Kesho yake Damari alipeleka cheti chake ofisini mwenyewe, amekishika kwa mikono miwili.

Nilimwambia nitaagiza kitabu kingine Singida mjini.

"Nikisomee wapi, wifi?"

Hakuwa na pa kusomea. Angeonekana na Biblia tu, wote wawili tungekuwa waongo. Kanisani aliimba nyimbo anazozijua kwa kichwa. Mwanawe Stefano, aliyekuwa akichimba dhahabu Sekenke, alipoandika barua, Damari alizileta kwangu nimsomee, naye akakaa ameangalia mlangoni. Nilijifariji kwamba akiwa peke yake huzisoma tena.

Mwaka themanini na tatu, Nathanaeli akiwa amekwisha kufa, nilifunga mlango nikampa barua iliyofika asubuhi ile. Nikamwambia hakuna anayetuona, asome.

Aliishika muda mrefu. Akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Hii ni herufi ya jina la Stefano," akasema. Akatafuta nyingine aijuayo, hakuiona. Akanirudishia barua, nikamsomea.