Marahaba ya Ba

Bibi yangu mzaa baba, ambaye nyumba nzima tulimwita Ba, aliacha kuniitikia shikamoo mwaka ule magoti yalipomshinda kabisa. Nilidhani amenuna. Ba alikuwa bingwa wa kununa, na kosa huwa hakuambii, unalitafuta mwenyewe.

Kumbe Kiswahili kilikuwa kinamtoka kichwani. Alikuwa amekisema tangu ujana wake, pale dukani kwetu mtaani Sakina tunapouza vipuri, akibishana na mafundi wa gari mpaka wanaomba poo. Sasa alibaki na Kigujarati peke yake, na mimi Kigujarati changu ni cha kuombea chumvi mezani. Nikimwamkia, ananitazama kama mteja aliyekosea mlango. Iliniuma sana. Nilitaka kitu kimoja tu, anitambue kabla hajafumba macho.

Mama alinilaumu mimi kwa kutojua Kigujarati, nami nikamlaumu yeye. Ndiye aliyetusisitizia utotoni tuongee Kiswahili kilichonyooka ili watu wasituone wageni. Tukakinyoosha, na wateja wakaendelea kuniuliza kwetu hasa ni wapi. Nikisema Sakina, wanacheka na kusubiri jibu la pili. Jibu la pili sina.

Basi nikaanza kujifunza kwa simu, mwalimu wangu akiwa binamu aliyeko India. Siku ya kwanza nikamwambia kwa Kigujarati, kwa madaha kabisa, kwamba natafuta fagio na sufuria. Akaniuliza fagio ni nini. Nikamwona hajui lugha yake. Maneno hayo nimeyasikia kwa Ba tangu natambaa, katikati ya Kigujarati chake, na siku zote niliyahesabu kuwa ya huko. Binamu alicheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena akaniambia kwamba gari, neno ninalolitamka dukani kutwa, limetoka kwao. Nikachanganyikiwa. Nilichodhani cha huko ni cha hapa, cha hapa ni cha huko, na mimi mwenyewe sikujua nijipange rafu ipi. Mpaka leo sijui.

Mama ndiye aliyesema niachane na maneno, nikamshike Ba miguu. Kwetu mdogo huinama akagusa miguu ya mkubwa, naye mkubwa humbariki. Mimi sikuwahi, kwa kuwa nilikuwa na shikamoo. Halafu nikakumbuka mwalimu wetu wa shule ya msingi alivyotufundisha kwamba shikamoo maana yake ni hiyo hiyo, nashika miguu yako. Maisha yangu yote nimemwambia Ba kwamba namshika miguu, na sijawahi kumshika.

Asubuhi moja nikaingia chumbani kwake. Alikuwa amekaa kitandani akiangalia dirishani, Mlima Meru umejitokeza wote bila wingu. Mama alikuwa anakunja shuka. Niliinama nikijiona mwigizaji, nikaigusa miguu yake. Ilikuwa ya baridi, imepasuka visigino, inanukia mafuta ya nazi. Sikusema neno lolote, maana sikujua nichague la lugha gani.

Ba akaweka mkono kichwani mwangu.

"Marahaba," akasema.

Mama aliangusha shuka. Mimi nilikuwa tayari nalia. Kisha Ba akamgeukia mama, akamwambia jambo kwa Kigujarati, taratibu, kwa heshima kama ya mtu aliyefikiwa na mgeni. Nikauliza amesemaje. Mama aliinama kuokota shuka.

"Anauliza wewe ni mtoto wa nani."

Ni swali ambalo wazee wa Sakina humuuliza kila mtoto anayewaamkia njiani. Mimi hawakuwahi kuniuliza. Mimi huulizwa natoka wapi.

"Wa kwako, Ba," nikamjibu kwa Kiswahili.

Sikujua kama ameelewa. Mkono wake hakuuondoa.