Matabaka ya Torbjørg

Torbjørg Kvalheim ana miaka sitini na nane, kilo hamsini na mbili na goti bovu. Ukitaka afanye jambo, mwambie hataliweza. Mimi jirani yake namjua.

Miaka thelathini yeye ndiye aliyetangulia klabu yetu ya skii, zile mbao ndefu za kuvaa miguuni na kutelezea juu ya theluji, kila Jumamosi ya Pasaka, tukishuka korongo la Skardet. Mwaka huu, Februari, mwenyekiti wetu Eilif alikuja jikoni kwake, akakatiwa jibini ya kahawia, akala kwanza, ndipo akasema, "Dada, mwaka jana skii zilikutupa mara tatu. Safari hii acha atangulie mwingine."

"Zilinitupa kwa sababu ni ngumu kama mlango! Zimeundwa kwa dume la kilo tisini kama wewe. Nitajitengenezea zangu. Zikinitupa, nafasi chukueni."

Mbele yake hakuna aliyecheka. Nyuma yake, loo, wenzetu wa klabu walicheka mpaka basi.

Eilif si mtu mbaya, nisimwonee. Alimletea kitambaa cha nyuzi za kaboni, cheusi, kinang'aa. "Bandika hiki juu na chini ya mbao. Ndiyo mambo ya kisasa."

Torbjørg hakumbishia, alipima. Alichukua vipande vya mbao, kila kimoja akakigandisha kwa gundi matabaka yake ya kitambaa, akakibana mezani upande mmoja, na upande wa pili akaning'iniza ndoo ya viazi. Cha kaboni kilikataa kupinda. Cha tabaka moja la nyuzi za kioo kililegea hadi ndoo ikagusa sakafu. Cha matabaka mawili kilipinda alivyotaka, ila alipoitoa ndoo kikabaki kinatetemeka. Akaongeza kitani juu yake, kikatulia.

"Hiki hapa ndicho changu," akamwambia Eilif. "Cheusi chako rudi nacho."

"Kitani! Kwani unashona shuka?"

"Nashona sanda ya mdomo wako."

Kisha akaharibu mwenyewe. Vitambaa alivikatia juu ya meza ileile ambayo maisha yake yote alizipakia skii nta juu yake ili ziteleze, na gundi haishiki penye nta. Alipozitoa skii kwenye kibano, matabaka yakabanduka kama ganda la yai. Alilia huku anatukana, nilimwona kwa macho yangu. Pasaka ilikuwa imebakiza siku tisa.

"Shoga, yaishe," nikamwambia.

"Yaishe nini? Shika brashi!"

Tukaitupa ile meza nje kwenye theluji, tukakata vitambaa upya juu ya meza yangu ya chakula. Mume wangu wiki nzima alikula sahani ikiwa mapajani.

Jumamosi yenyewe theluji ilikuwa imeganda juu, ngumu, inakwaruza. Torbjørg mbele. Kona ya kwanza, ya pili, skii zimetulia chini yake kabisa. Kona ya tatu, puu! Akaanguka chali mbele ya watu thelathini.

Eilif akasimama kando yake. "Pole, dada. Lakini ulisema mwenyewe, zikikutupa..."

Torbjørg akavua skii moja, akaipinda kwa goti lake zima, akaikagua kutoka ncha hadi ncha bila haraka, akaivaa tena.

"Hazikunitupa," akasema. "Niligeuka kuangalia kama mnanifuata. Ni kosa langu, na silirudii."

Akashuka korongo lote bila kutazama nyuma. Tukamfuata sote, Eilif wa mwisho.