Kaptula ya Uji Siku ya Gwaride

Msinicheke kabla sijamaliza, maana aibu hii nimeibeba tangu miaka ya hamsini, na hata leo nikipita Ruiru nageuza uso nisiuone ule uwanja.

Nilikuwa kuruti kwenye kambi ya mafunzo upande ule, na siku ya kumaliza alikuwa anakuja jenerali wa kamandi nzima kutoka Nairobi kutukagua, na Sajini alishatuambia atakayeharibu gwaride atarudishwa kwao. Kwetu kulikuwa kwenye kambi ya vibarua wa mkonge, nje ya Thika, ambako baba alikata mkonge mpaka vidole vikakataa kunyooka (naye aliapa mimi sitaukata). Juma zima sikupata usingizi wa maana.

Sasa, kaptula zetu zilitiwa wanga mpaka zisimame zenyewe, na jioni ya kuamkia gwaride wanga wangu ukaisha, na badala ya kumwomba mwenzangu nikaona uji uliobaki jikoni unatosha, nikauchuja, nikachovya kaptula, nikaianika, nikapiga pasi, ikawa ubao, nikajisifu. Uji ulikuwa na sukari. Hilo sikulifikiria.

Asubuhi tukapangwa, jua linapanda, wazazi waliopewa ruhusa ya kusafiri (siku zile za hali ya hatari haikuwa rahisi) wamekaa pembeni na akina mama wa kanisa la kambi, baba mbele kabisa na koti lake la kanisani, na mimi nahisi kitu kinatambaa gotini. Sisimizi, wale wekundu. Wakapanda, wakaingia ndani. Jenerali akafika mbele yangu akaniona natetemeka, akauliza kwa Kiswahili chake cha kizungu.

"Wewe nagonjwa?"

"Hapana, Afande."

"Naogopa?"

"Hapana, Afande."

Akapita. Nikashusha pumzi, na hapo hapo mmoja akaniuma mahali nisipoweza kupataja, bunduki ikanitoka, nikainama kuiokota, kaptula ikapasuka nyuma mpaka kiunoni, nao wakazidi kuuma, basi nikaivua, mbele ya jenerali, wakubwa wote na akina mama wa kanisa.

Sajini hakupiga kelele. Alisema tu, "Toka."

Nikatoka nimevuta shati chini kwa mikono miwili. Baba akanifuata, akavua lile koti, akanifunga kiunoni. Nilishindwa kumtazama.

"Mzee, nimekuangusha."

"Twende, mwanangu," akasema. "Kisu chako nitakunolea mwenyewe."

Jumatatu nilikuwa kwenye mkonge, mstari mmoja naye. Tangu hapo nguo zangu nazivaa na mikunjo yake, na uji wa sukari, hata ukiniletea kwa heshima zote, nitakushukuru tu.